Mdomo wa Jumamosi

"Basi nenda kamwambie mwenyewe baba wa bibi harusi," mama alisema. "Simama uende. Mwambie, samahani mzee, midomo yangu iko masomoni."

"Mama, hili si jambo la mzaha."

"Nani anafanya mzaha? Nusu ya malipo yake niliipokea, nikaibeba mpaka chuoni kwako, nikalipia ada yako. Risiti unayo wewe. Hela ya mtu umeshaila, harusi ni Jumamosi hii, na leo ndiyo unaniambia hupigi tarumbeta!"

"Nilikuambia tangu mwezi uliopita. Hukunisikia."

"Nilisikia. Nikadhani ni homa, itapita."

Shaba, binti yake, alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, tarumbeta mapajani. Jina hilo alipewa na watu wa harusi, likamganda hadi nyumbani, na sasa hata mama mzazi hakumbuki mara ya mwisho kumwita lile la kwenye cheti. Mama naye alikuwa na lake. Hakujua kupiga hata filimbi, lakini ndiye aliyekuwa bendi: simu ilikuwa yake, mkoba wake, na maneno yote yake. Mume wake mwenyewe alimwita Meneja, hata usiku.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na sebule yenyewe nusu ilikuwa ghala. Ngoma kubwa ilikaa kona ya televisheni. Makoti mekundu ya bendi yalitundikwa kwenye mlango wa chumbani, kiasi kwamba aliyetaka kwenda kulala ilibidi ayaombe njia kama wageni. Baba alikaa chini kwenye mkeka akipaka mafuta ngozi ya ngoma. Kizingitini alisimama mpwa wa mama, fundi baiskeli siku za kazi na mpiga tromboni mwisho wa wiki, kijana mwenye urefu wa ngazi, ndiyo maana wakamwita Mrefu.

"Nieleze tena," mama alisema. "Nieleze kama mtu asiyesoma. Mtu ana shahada ya kwanza ya muziki. Yuko kwenye ya pili, uzamili, jina lenyewe ukilitamka unashiba. Halafu huko kwenye uzamili wamegundua kwamba hajui kushika tarumbeta?"

"Kushika najua. Ni mdomo. Kidomo cha tarumbeta nilikuwa nakiweka chini mno, halafu nakikandamiza. Sasa nimekipandisha hapa." Aligusa juu kidogo ya mdomo wa juu. "Misuli lazima ijifunze upya. Jumamosi nikirudi kwenye mdomo wa zamani, Jumatatu naanza sifuri. Miezi yote hii naanza sifuri, Mama. Daktari, mhadhiri wangu, amechoka. Amesema nichague."

"Shangazi," Mrefu alisema, "si tuweke muziki wa spika, sisi tushike tu vyombo?"

"Wewe nyamaza. Au utangulie wewe na hiyo tromboni yako, watu wapishe wakidhani ni lori linarudi nyuma."

Mrefu alicheka peke yake. Shaba hakucheka.

"Nilijifunza vibaya, Mama. Basi. Si kosa la mtu."

Kitambaa cha baba kilisimama juu ya ngoma. Ndani ya nyumba ile hakukuwa na mwalimu mwingine wa tarumbeta zaidi yake. Alimfundisha mtoto akiwa darasa la tatu, kwenye uwanja wa nyuma, akimshika kisogo kwa mkono mmoja na tarumbeta kwa mkono wa pili. Bonyeza, alikuwa akimwambia, bonyeza likusikie.

"Mwache mtoto," baba alisema.

"Mtoto yupi? Huyu?" Mama aliuchukua mkoba wake mezani ingawa hakuwa na safari. "Kesho nakwenda huko chuoni. Nataka nimwone huyo Daktari anayetibu midomo ya watu wazima."

*

Getini mlinzi hakumwangalia usoni, alimwangalia viatu.

"Watu wa usafi wanapitia geti la nyuma, mama."

"Nimekuja kumwona mhadhiri wa muziki."

"Una miadi?"

"Nina mtoto."

Mlinzi alifikiri kidogo, akafungua.

Jengo la muziki lilikuwa na korido ndefu yenye milango midogo midogo, kila mlango na kidirisha cha kioo, na kila mlango na kelele yake. Huku piano inapanda ngazi na kushuka, kule mtu anaimba neno moja lilelile kama kasuku. Mama alitembea haraka, sikio mbele. Alikuwa na uhakika. Sauti ya mwanawe aliijua katikati ya honi za msafara mzima, aliijua hata akiwa upande wa pili wa ukumbi wa harusi anagombana na mpishi. Alifika mwisho wa korido hajaisikia. Akarudi. Akafika mwanzo hajaisikia.

Kulikuwa na mlango mmoja ambamo mtu anayejifunza alikuwa akipuliza noti moja ndefu. Ilianza na pumzi tupu, ikashika, ikatetemeka, ikapasuka katikati, ikaanza tena. Mama alishapita mlango ule mara mbili, akisema moyoni kwamba wazazi wa huyo wana kazi. Mara ya tatu alichungulia kidirishani.

Akauona mgongo wa Shaba.

Hakubisha hodi.

"Mmemfanya nini mwanangu?"

Mhadhiri alikuwa mwanamke mfupi, umri wake karibu na wa mama, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, kikombe cha plastiki mkononi. Alimtazama Shaba, na Shaba akainamisha kichwa, akatamani sakafu ifunguke.

"Karibu, mama. Keti."

"Sikuja kukaa."

"Basi tusimame wote." Na kweli alisimama, akaweka kikombe juu ya piano. "Uliza."

"Huyu mtoto alikuja kwenu anajua. Watu wanalia akipiga. Watu wazima, wanaume, nimewaona mimi wanajifuta na tai. Nyie mmemchukua, mmechukua ada, na sasa anapiga kama mbuzi aliyekabwa. Hata sikumtambua. Nimempita kama mtoto wa mtu mwingine!"

"Ni kweli anapiga vibaya," Daktari alisema. "Ataendelea kupiga vibaya muda fulani. Mwisho wa muhula atasimama mbele ya jopo, peke yake, saa nzima. Kwa mdomo wa zamani atapiga robo saa vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliye naye. Kisha sauti inakufa. Nimeisikia ikifa humu humu. Muulize."

Mama alimgeukia Shaba. Shaba akatikisa kichwa kukubali.

"Harusi haihitaji saa nzima," mama alisema. "Mnapiga, mnapumzika, watu wanakula."

"Ndiyo. Na kwa kubonyeza vile, hata harusi hazitamfikisha mbali. Mdomo ni nyama, mama. Ukiubana kwenye chuma kila Jumamosi, siku moja haurudi. Kwa sasa ni kama anajenga ukuta siku tano, halafu siku ya sita anaubomoa."

"Na akianguka mbele ya hilo jopo?"

"Anatoka kwenye programu."

"Akifaulu anapata nini? Sema kweli, wewe ni mtu mzima mwenzangu."

Daktari aliivaa miwani, akaivua. "Ualimu, pengine. Okestra ni chache na zina wenyewe. Labda kiti changu nikistaafu. Siwezi kukuahidi."

"Angalau huna uongo. Sasa nikuulize la mwisho. Ada inalipwa na Jumamosi. Kodi ya nyumba inalipwa na Jumamosi. Jumamosi mkiichukua, chuo kitamlipia?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Sina jibu la hilo, mama."

Walitoka pamoja, mama mbele, binti nyuma. Nje wanafunzi walikaa kwenye ngazi na vyombo vyao migongoni, na mmoja alimsalimia Shaba kwa jina la kwenye cheti, jina ambalo mama alilisikia kama la mgeni.

"Umeniaibisha," Shaba alisema walipofika getini.

"Aibu haijawahi kumfukuza mtu nyumba. Kodi ndiyo inayofukuza." Lakini alilisema bila nguvu, na hakumwangalia.

*

Mchana ule alimkuta mume wake uani anapiga pasi makoti mekundu. Alisimama akamwangalia mpaka mzee mwenyewe akahisi.

"Meno yako ya mbele yaling'oka lini?"

"Swali gani hilo?"

"Jibu."

"Shaba alikuwa anakwenda kuanza sekondari."

"Na tarumbeta uliacha lini, ukahamia kwenye ngoma?"

Baba aliinua pasi, akaitazama chini yake kama anatafuta uchafu. "Kabla ya hapo."

"Uliniambia ni meno."

"Ningekuambia nini, Meneja? Mdomo ulikufa ganzi. Hapa katikati. Chai ya moto naiona kwa mvuke, siisikii. Ningesema, ungenitembeza kwa madaktari wa mji mzima, na hela ya madaktari haikuwepo. Meno yalipong'oka nikashukuru. Nikapata cha kusingizia."

"Na mtoto ukamfundisha vilevile."

"Nilimfundisha ninachokijua." Aligeuza koti upande wa pili. "Nilidhani ni mimi tu nina bahati mbaya."

Mama alikuwa mwanamke wa majibu. Wenye kumbi walimwogopa, madereva walimwogopa, na kulikuwa na mchinjaji mmoja aliyefunga bucha akimwona anavuka barabara. Siku hiyo aliingia ndani, akachukua simu.

Alipiga huku, akapiga kule. Wapiga tarumbeta wazuri walishakodiwa, ilikuwa msimu wa harusi. Aliyebaki ni mstaafu wa bendi ya jeshi, mzee mnyoofu aliyeitwa Sajenti. Alikuja siku ileile, viatu vinang'aa, kwapani kijistendi cha chuma. Alikikunjua katikati ya sebule, akakirekebisha urefu, akasubiri.

"Unasubiri nini, mzee wangu?" mama aliuliza.

"Karatasi."

"Za nini?"

"Za muziki, mama. Noti."

Walitazamana. Bendi ile ilikuwa na miaka mingi kuliko ndoa nyingi ilizozifungulia mlango, na haikuwahi kuwa na karatasi hata moja. Baba alifundishwa kwa sikio, akafundisha kwa sikio, Mrefu alijifunza kwa kusimama karibu.

"Sisi hatuna karatasi," mama alisema. "Sisi tuna harusi."

"Bila karatasi mimi ni mtu tu aliyeshika tarumbeta."

Hapo ndipo Shaba alipotoka chumbani. Alisogeza vyombo vya chakula mezani, akatandaza karatasi zenye mistari, akaanza kuandika. Hakuimba, hakugusa tarumbeta, alikuwa akitikisa tu goti chini ya meza na mkono unakimbia. Baba aliposema, "Ule wa kuingilia ukumbini usiusahau," tayari alishaumaliza na wino unakauka. Mama alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Siku zote alidhani uzamili ni kupuliza tu, kwamba analipia watu wamsikilize mtoto wake anavyopuliza. Alitaka kusema kitu kizuri. Akasema, "Chakula kitapoa."

Sajenti alizipiga karatasi zile neno kwa neno. Hakukosea hata mahali pamoja. Alipiga furaha ya bibi harusi kama anasoma taarifa ya hali ya hewa, lakini alipiga. Wimbo ulipoisha alishusha tarumbeta, akakunja mikono, akasema, "Imekwisha." Mama akapumua. Sebuleni hakukuwa na bibi harusi wa kusubiriwa, kwa hiyo hakuna aliyeona kosa lilipo.

*

Baba wa bibi harusi alikuwa mkandarasi wa majengo, na aliifanya harusi kama anavyofanya majengo, kwa kuanza na geti. Alitaka msafara ushukie mtaani kwake, watu wote waone, kisha bendi iwatangulie kwa miguu mpaka ukumbini. Mtaa ulikuwa umejaa. Mama alipanga watu wake: ngoma nyuma, Mrefu mbele, Sajenti nyuma ya Mrefu. Kistendi hakitembei, kwa hiyo karatasi zilibanwa mgongoni mwa Mrefu kwa vibanio vya nguo. Shaba alikuja na nguo zake za kawaida, bila koti jekundu, kazi yake kubadilisha karatasi. Begi la tarumbeta alikuwa nalo begani. Angetoka hapo kwenda chuoni, alisema.

Gari la bibi harusi lilifika. Baba alidunda ngoma, tromboni ikajibu, Sajenti akaingia palepale panapotakiwa. Watu wakapiga makofi. Mlango wa gari ukafunguka kidogo, ukafungwa. Zipu ya gauni ilikuwa imekwama, na wanawake wawili wakajitosa ndani ya gari kuipigania.

Kwa bendi yao hilo halikuwa jambo. Bibi harusi akichelewa, wimbo unachelewa naye. Unazunguka, unapanda, unashuka, unamsubiri mpaka mguu wake uguse ardhi, hata kama ni nusu saa.

Sajenti alifika mwisho wa karatasi, akarudia kama ilivyoandikwa, akafika mwisho tena. Akashusha tarumbeta.

"Endelea!" mama alimnong'oneza.

"Imekwisha."

"Rudia!"

"Nimesharudia. Nukta mbili mwishoni ni kurudia mara moja, mama. Kama mngetaka mara tatu mngeandika."

Ngoma ilibaki inadunda peke yake, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Mrefu aligeuka kuona kuna nini, karatasi zikageuka naye, na Sajenti, mtu wa utaratibu, akazunguka kuzifuata. Mrefu akageuka upande wa pili. Sajenti akamzunguka tena.

"Huyo anauza magazeti au anasoma?" mtu alipaza sauti, na mtaa mzima ukaangua kicheko.

Mkandarasi alikuja ameshika bahasha ya malipo yaliyobaki. "Meneja, hiki ni nini?"

"Zipu tu, mzee. Wakimaliza tunaendelea."

"Sizungumzii zipu. Nililipia Shaba. Nilikuambia mbele ya mke wangu, namtaka Shaba."

"Shaba ana masomo."

"Masomo? Si yule pale?"

Watu walishamwona. Jina lilianza pembeni, kwa wasichana, likaenea. Shaba! Shaba! Mtu akampokonya karatasi mkononi ili abaki huru. Mkandarasi aliinyanyua ile bahasha, akaionyesha watu kabla hajaisogeza taratibu kuelekea mfuko wa koti. "Naiona hii inarudi ilikotoka," alisema, na wajomba zake wakacheka.

Mama alimtazama binti yake. Jicho lile Shaba alikuwa akilijua tangu hajaanza kutembea.

Shaba alifungua begi.

Aliweka kidomo chini, pale pa zamani, akabonyeza, na sauti ikatoka nzima, pana, ya dhahabu, ikapita juu ya mabati na nyaya za umeme. Mtaa ulipiga kelele. Baba aliikamata kwa ngoma kama mtu aliyerudishiwa kitu chake, Mrefu akainua tromboni, hata Sajenti akasogea pembeni kwa heshima. Mlango wa gari ukafunguka, kiatu cheupe kikatoka. Mama alisikia mwili wake wote ukichangamka. Alikuwa hajaisikia sauti ile miezi mingi, na aliikosa kuliko alivyojua. Mkandarasi aliitoa tena bahasha mfukoni, akimkonyeza.

Kisha mama akaangalia uso. Alikuwa hana desturi hiyo, siku zote macho yake yalikuwa kwa wenye harusi. Kuzunguka kidomo nyama ya mdomo ilikuwa imekuwa nyeupe kama ya mtu aliyetoka mtoni na baridi. Mshipa wa shingo ulisimama. Macho yalikuwa wazi, hayamwangalii mtu, yanasubiri tu iishe. Na mama akapiga hesabu, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Leo ni zipu. Jumamosi ijayo itakuwa mvua, nyingine itakuwa mjomba mwenye cheo. Kila mara kutakuwa na bahasha, na kila mara yeye atatazama, na mtoto atafungua begi. Hakuna Jumamosi itakayokuja yenyewe kusema mimi mnisamehe.

Alivuka ile nafasi iliyoachwa kwa ajili ya maharusi, akaziba tarumbeta kwa kiganja.

Sauti ikakatika kama maji ya bomba.

"Toa," alisema.

"Mama, watu wote hawa..."

"Nimesema toa mdomoni. Nimekutazama jicho baya. Nimekosa. Toa."

Alilichukua mwenyewe, akalirudisha begini, akafunga zipu, na zipu hii haikukwama.

"Sajenti!"

"Naam!" Visigino viligongana.

"Hapa ni kikosini. Unapiga kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukifika mwisho, unarudi mwanzo, na unarudi, mpaka mimi niseme basi. Hilo ni agizo."

"Ndiyo, afande!"

Watu walicheka, lakini Sajenti alishaingia, na ngoma na tromboni zikamsindikiza huku na huku ili asionekane mkavu. Bibi harusi alishatoka garini. Akaanza kutembea, kwa sababu bibi harusi akishatoka hawezi kurudi kukaa.

"Meneja," Mkandarasi alisema, sauti chini, "unanifanyia nini mbele ya wageni wangu?"

"Nakufanyia bei. Bendi bila Shaba ni nusu. Nusu ulishanipa, hiyo bahasha kaa nayo. Twende mpaka ukumbini, au tuishie hapa?"

Mkandarasi alimtazama bibi harusi anakuja, akatazama wageni. "Nendeni. Lakini nitawaambia watu. Hutapata harusi mji huu."

"Usijisumbue, mzee. Nitawaambia mwenyewe."

Na mama alipanda kwenye ngazi ya geti la Mkandarasi, geti lile lile la fahari, mkoba kwapani.

"Jamani! Mlioweka nafasi kwangu msimu huu, nawaona mko wengi humu. Shaba hapigi tena harusini. Yuko shule. Anayetaka bendi bila Shaba, nusu bei, na mnamsikia mzee huyu alivyo. Asiyetaka, Jumatatu aje nyumbani, tuongee namna ya kumrudishia chake."

"Mimi nakuja!" mwanamke mmoja alipaza sauti kutoka nyuma.

"Njoo asubuhi, mchana sipo!"

Baba alipita na ngoma yake tumboni. Hakusimama, ila alimwangalia mke wake moja kwa moja usoni, na akadunda kwa nguvu kidogo zaidi. Mama alishuka. Shaba alikuwa bado amesimama palepale, mkono kwenye mdomo, anaupapasa kama ameuazima.

"Chumba cha mazoezi kiko wazi Jumamosi?"

"Mpaka jioni."

"Sasa unangoja nini hapa?"

"Na ada, Mama? Muhula ujao?"

"Sijui," mama alisema. Neno hilo lilimtoka kwa shida, hakuwa amelizoea. "Niachie mimi kutojua. Wewe nenda kapige ile noti yako ya mbuzi."

Shaba alitundika begi begani, akaondoka akipinga mkondo wa watu. Wengine walimshika mkono, wengine walimwomba wimbo mmoja tu, mmoja tu dada. Aliwapita. Mama alikuwa ameshageuka, anawahi mbele ya msafara, anawasukuma wapiga picha kwa kiwiko, maana Sajenti alikuwa amefika mwisho wa karatasi na anamtafuta kwa macho.

"Tena," mama alisema.